Theluthi na Robo

Baba hahesabu kondoo kwa sauti.
Hata kwenye simu, juu ya kilima
ambako mtandao hushika akisimama kwenye tandiko,
alinitajia mafungu tu:
theluthi tumeuza, deni la nyasi kavu limeisha;
robo wamekwenda na zudi,
theluji iliyeyuka siku moja, ikaganda usiku,
ikafunga malisho kama kifuniko cha sufuria,
wakafa wamesimama, midomo ikigusa barafu.
"Jumla wametutoka mia na arobaini."
Upepo ukachukua mengine.

Walikuwa wangapi?
Sikuuliza. Kwetu si adabu.

Nilikuwa na daftari, kipande cha penseli,
na kitanda cha juu katika bweni la wilaya,
jiko la makaa likikohoa, Oyunbileg chini yangu akikoroma.
Nikaandika x.
Nikaigawa kwa tatu. Pembeni nikaigawa kwa nne.
Nikachora ile mistari miwili ya sawasawa
na ng'ambo yake nikawaweka wote waliotutoka.

Mwalimu Dulmaa alikuwa ametufunza mchana:
sehemu zenye asili mbalimbali hazijumlishwi,
kila moja ina kwao, hazisikilizani.
Zitafutie kigawe kidogo cha shirika,
mahali ambapo tatu na nne zinaweza kukaa mkeka mmoja.
Kumi na mbili.
Zidisha, nazo asili zitayeyuka zenyewe.

Nikazidisha.
Theluthi ikawa x nne, robo ikawa x tatu,
saba kwa jumla, safi,
bila mstari hata mmoja wa kuikata katikati.
Saba x, mia na arobaini.
X ni ishirini.
Nililala na ishirini yangu kifuani.

"Ishirini," mwalimu alisoma asubuhi,
"na katika hao wakatoka mia na arobaini?
Baba yako ni mchungaji au mchawi?"
Darasa zima likaanguka. Hata Oyunbileg, msaliti.
Yeye hakucheka. Alichukua chaki
akachora ngamia, mbaya kweli, nundu mbili kama mikate,
shogi kushoto na shogi kulia.
"Huku umeongeza mzigo mara kumi na mbili.
Huku umeuacha ulivyokuwa.
Huyu hafiki popote, Solongo. Ataanguka mlangoni."

Elfu moja mia sita na themanini, basi.
Gawa kwa saba.
Mia mbili na arobaini.

"Hakiki," akasema. "Jibu lirudishe lilikotoka,
uone kama watu wa pale watalitambua."

Theluthi yake, themanini:
niliwaona wakipandishwa lorini, migongo ina rangi nyekundu,
mmoja na sikio lililokatwa pembe, niliyemnyonyesha kwa chupa.
Robo yake, sitini.
Hao niliwajumlisha haraka.
Mia na arobaini. Mizani ikatulia,
mwalimu akaweka vema, akapita kwenye dawati la nyuma.

Hakuna aliyenionya
kwamba x inaweza kuwa kitu ambacho hakipo tena.
Unahangaika kukipata, unakipata,
na ni jana.

Swali halikuuliza waliobaki.
Niliwatafuta mwenyewe, pembeni mwa ukurasa, kwa herufi ndogo.
Mia moja.
Mia moja, na sisi watatu shuleni,
na kaka Ganzorig anayesema yeye hapendi vitabu
kila mara karo inapotajwa.

Jumapili simu ikalia ofisini kwa mlezi.
"Mnasoma nini?"
"Sehemu, baba."
"Za kukatakata?"
"Za kuunganisha."
Akanyamaza. Nikasikia hatamu ikigonga kitu.
"Sikiliza, mwanangu. Wale waliobaki..."
"Najua."
"Nani kakwambia?"
"Wewe."

Alicheka kidogo,
au farasi alipiga chafya.